Skip Broke: Marehemu ambaye hakuna mchezaji aliyewahi kumkuta hai

KATIKA mtaa wa Pleasantview kuna mwanamume anayejulikana na mamilioni ya watu, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumkuta akipumua. Jina lake ni Skip Broke. Alikufa maji katika kidimbwi cha kuogelea, akamwacha mkewe Brandi na wana wawili: Dustin, kijana aliyebaleghe, na Beau, mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Isitoshe, alimwacha Brandi akiwa mja mzito.

Pleasantview si mahali pa kufikika kwa basi wala kwa ndege. Ni mmojawapo wa mitaa mitatu iliyomo ndani ya The Sims 2, mchezo wa tarakilishi uliotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Electronic Arts mnamo Septemba 2004. Katika siku kumi za kwanza mchezo huo uliuza nakala milioni moja, na kila mnunuzi aliyefungua mlango wa nyumba ya akina Broke alikuta matanga yamekwisha anuliwa.

Kwa msomaji asiyeifahamu michezo ya aina hii, yafaa kueleza kidogo. The Sims haina adui wa kupigwa risasi wala mpira wa kutiwa wavuni. Mchezaji hupewa nyumba na watu wadogo waishio ndani yake, wanaoitwa Sim, kisha huachiwa jukumu la kuwaendeshea maisha. Huwapikisha, huwalaza, huwatafutia kazi, huwaposea wachumba na kuwalelea wana. Kila Sim ana mahitaji yanayopanda na kushuka kama mizani: njaa, usingizi, usafi, haja ndogo, starehe, burudani, mazungumzo na mazingira safi. Mchezaji anayeyapuuza haya kwa muda mrefu humwona mtu wake akikonda, akizirai, na hatimaye akifa.

Aliyebuni mchezo huo ni Will Wright, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Maxis. Mnamo Oktoba 1991 moto mkubwa uliteketeza vilima vya Oakland katika jimbo la California na kuua watu 25. Nyumba ya Wright ilikuwa miongoni mwa maelfu zilizogeuka majivu. Alipoanza kununua vitu upya, kuanzia kijiko hadi kitanda, alijiuliza ni kipi hasa ambacho binadamu hukihitaji ili nyumba iwe nyumba. Swali hilo ndilo lililozaa mchezo wa kwanza wa The Sims, uliotoka Februari 2000, na ambao kufikia 2002 ulikuwa umeipiku Myst na kuwa mchezo wa tarakilishi uliouzwa zaidi ya yote duniani.

Katika toleo hilo la kwanza, kifo kilikuwepo lakini wakati haukuwepo. Sim aliweza kuungua jikoni au kukosa chakula akafa, lakini asiyepatwa na ajali aliishi milele. Watoto hawakukua, na watu wazima hawakuzeeka. Hakukuwa na mti wa ukoo. Mtu alikuwa baba wa mtoto fulani kwa sababu tu waliishi chini ya paa moja.

Toleo la pili lilibadilisha yote hayo. Waandishi wake waliipeleka hadithi mbele kwa miaka 25. Cassandra Goth, aliyekuwa msichana mdogo katika toleo la kwanza, sasa ni mwanamke mzima. Watu wakapewa vipindi vya umri, kuanzia uchanga hadi uzee, na kila mmoja akawekewa siku za kuishi. Panapokuwepo uzee hapana budi kuwepo makaburi, na panapokuwepo miaka 25 iliyopita bila ya mchezaji kuiona, hapana budi kuwepo watu waliofia humo.

Ndipo lilipozuka kundi la wahusika wa ajabu kidogo: watu walioumbwa wakiwa tayari marehemu. Michael Bachelor, aliyekuwa kapera wa kuchezwa katika toleo la 2000, anatokea katika la 2004 akiwa jina tu kwenye ukoo, marehemu mume wa Dina Caliente. Bob na Betty Newbie, wale wanandoa waliowafunza mamilioni ya wachezaji namna ya kuwasha jiko na kulipa ada za nyumba, nao wamekwenda. Wao ndio wazazi wa Brandi. Kwa hivyo Skip alioa katika ukoo mkongwe kupita wengi katika mchezo huo, jambo ambalo halikumsaidia hata chembe, kwani mke hakurithi mali ya kuonekana.

Tofauti kati ya Skip na Michael ni kwamba Michael aliwahi kuishi. Yeyote aliye na nakala ya toleo la kwanza anaweza kumrudia, akamwamsha asubuhi na kumpeleka kazini. Skip hana toleo la kurudiwa. Kuwapo kwake kote ni kule kutokuwapo. Jina lake limo kwenye mti wa ukoo, kifo chake kimo katika kumbukumbu za mkewe, na sura yake imo katika faili.

Jina la ukoo lenyewe ni kejeli. Kwa Kiingereza, neno hilo humaanisha mtu aliyefilisika, asiye na senti mfukoni. Mjane anaishi katika kibanda duni ukikilinganisha na kasri la akina Goth au nyumba nadhifu ya akina Pleasant, na fedha alizo nazo ni kidogo. Waandishi wa mchezo walitaka mchezaji apate familia iliyo taabani ili ajipime nguvu.

Hapa ndipo kifo cha Skip kinapoacha kuwa pambo la hadithi na kuwa hesabu. Katika The Sims 2, mtoto wa rika la Beau ni mzigo kwelikweli. Lazima afunzwe kutembea, kuzungumza na kutumia poti, na kila somo huchukua saa nyingi za mtu mzima mmoja ambaye wakati huo hawezi kufanya jingine. Hawezi kujipikia. Akilia usiku, mtu lazima aamke. Brandi akitoka kwenda kutafuta riziki, sharti alipwe yaya, na yaya huzila zile pesa zilizokuwa zikitafutwa. Dustin ni kijana na anaweza kusaidia, lakini shule inamngoja, na ana mpenzi, Angela Pleasant, binti wa familia yenye uwezo. Ujauzito hudumu siku tatu za mchezo, ambazo mama huchoka na kusikia njaa kuliko kawaida. Kisha huja kitanga cha pili cha kubadilishiwa nepi.

Mchezaji akishindwa, na watoto wakakaa na njaa au uchafu kupita kiasi, afisa wa ustawi wa jamii hubisha hodi. Huwachukua watoto na kwenda nao. Wachezaji wengi waliofika Pleasantview wakiwa wadogo wamelionja hilo katika nyumba hii kabla ya nyingine yoyote. Hapo hakuna aliyehitaji kusomewa ukurasa mzima juu ya mume alivyokuwa na umuhimu gani. Pengo lake limepimwa kwa saa: jozi moja ya mikono imepungua, na siku haitoshi.

Ni mbinu ya usimulizi inayostahili kusifiwa. Mtunzi wa riwaya angelazimika kumchora Skip akicheka, akiwabeba wanawe mabegani, ili kifo chake kituume. Hapa hapana kicheko wala mabega. Kuna beseni la vyombo vichafu, mtoto anayelia, na mama aliyesimama katikati ya chumba akishindwa kuamua aanze na lipi.

Lugha nayo imechangia. Sim hawasemi Kiingereza. Wright na wenzake walijaribu lugha kadhaa, zikiwemo Kiukraini, Kinavaho na Kitagalogi, kabla ya kuamua kwamba wahusika wao wataongea sauti za kubuni zisizo na maana, ziitwazo Simlish. Kwa sababu hiyo kilio cha Brandi hakihitaji mkalimani. Anayemsikiliza Mombasa humwelewa kama anavyomwelewa aliye Chicago, ama tuseme wote wawili hawaelewi neno lolote, na wote wawili wanajua analia nini.

Kuhusu jinsi Skip alivyokufa, wachezaji hawajaacha kushuku. Katika matoleo mawili ya kwanza, Sim aliyeingia kidimbwini hakuweza kutoka isipokuwa kwa ngazi. Mchezaji mtundu aliiondoa ngazi hiyo kwa kubofya mara moja, kisha akakaa kutazama. Mfa maji haachi kutapatapa: Sim aliogelea huku na huku saa baada ya saa, akipunga mikono kuomba msaada, hadi nguvu zikamwishia. Ulikuwa ukatili maarufu kuliko wote katika mchezo huo, na hadi leo mtu akitaja The Sims mbele ya waliokuwa vijana miaka ya 2000, aghalabu wa kwanza kujibu hutaja ngazi.

Basi, waandishi walipomchagulia Skip kifo cha majini, bila shaka walijua wanamkonyezea jicho nani. Kuna wachezaji wanaomshuku mke, na wapo wanaosema ni ajali ya kawaida ya mtu aliyejichosha. Ushahidi haupo. Lakini mtu anayeiuliza nyumba ya Broke ni nani aliyeondoa ngazi hujikuta akikumbuka vidimbwi alivyovichimba mwenyewe, na kuona kwamba jibu halimpi nafasi ya kumnyoshea Brandi kidole.

Toleo la tatu, lililotoka 2009, lilimwezesha Sim kujipandisha ukingoni bila ngazi, na watundu wakalazimika kujenga ukuta kuzunguka maji. Toleo la nne lilipozinduliwa Septemba 2014 halikuwa na vidimbwi kabisa. Malalamiko yalikuwa makali, na Novemba mwaka huo vikaongezwa bila malipo. Ni vigumu kujua ni wangapi miongoni mwa waliolalamika waliotaka kuogelea.

Turudi kwa marehemu. Ni nini kinachotokea mtu anapokufa katika The Sims 2? Malaika wa Mauti huja mwenyewe, amevaa joho jeusi na kushika fyekeo. Kama yupo mtu nyumbani ampendaye sana anayekata roho, anaweza kumsihi Malaika amwachilie, na nafasi ya kusikilizwa hutegemea undani wa uhusiano wao. Aliyekufa ndani ya nyumba huachwa kama chungu cha majivu, na aliyekufa nje husimikiwa jiwe la kaburi. Usiku mzuka wake waweza kutoka. Mizuka hutofautiana rangi kulingana na kifo: aliyeungua ni mwekundu, aliyekufa maji ni wa buluu na huacha madimbwi madogo kila apitapo. Kwa upande mwingine, mzee anayefariki akiwa ameridhika kabisa na maisha yake huja kuchukuliwa na Malaika yuleyule akiwa ameandamana na wanenguaji wa kutoka Hawaii. Mchezo huu haukosi mzaha hata makaburini.

Mitaa mingine miwili nayo ina wafu wake. Kule Strangetown, bibi kizee Olive Specter anaishi na mpwa wake Ophelia kando ya makaburi yaliyo uani mwake, na katika ukoo wake imeandikwa kwamba amezaa mtoto na huyo Malaika wa Mauti. Veronaville imejengwa juu ya tamthilia za Shakespeare, na vijana wa koo mbili zinazohasimiana wanalelewa na babu na bibi kwa kuwa wazazi wao wamefariki. Wote hao ni marehemu wa mapambo zaidi. Familia hizo zina mali, na aliyekufa hajaacha shimo la kufukiwa kila asubuhi.

Lakini marehemu wa The Sims 2 ana uzito mwingine ambao mchezaji wa kawaida hauoni. Kila mhusika mtaani, awe hai au amekufa, ana faili lake ndani ya tarakilishi. Waliobaki humbeba katika kumbukumbu zao. Ukifungua orodha ya mambo ambayo Sim anayakumbuka, utakuta ndoa, uzazi, busu la kwanza na misiba, kila tukio likiwa limeunganishwa na mtu aliyehusika. Zaidi ya hayo, Sim husengenyana. Jirani anaweza kumsimulia jirani habari za mtu wa tatu, na habari hizo zikaendelea kuzunguka mtaani hata baada ya mwenyewe kuzikwa.

Kwa sababu hiyo, wachezaji wazoefu huwaonya wageni juu ya jambo moja kuliko mengine yote: usifute kaburi. Mchezaji anayeliona jiwe linamharibia bustani, akalitupa kama anavyotupa kiti kibovu, huuvuruga mtaa. Kumbukumbu za walio hai hubaki zikielekeza kwa mtu ambaye data zake zimepotea. Uharibifu hauji siku hiyohiyo. Huja taratibu, na mtaa uliochezwa kwa miaka unaweza kufikia hatua usichezeke tena. Ushauri unaotolewa ni kuyahamishia makaburi kwenye kiwanja kimoja kilichotengwa, na ndiyo maana mitaa ya wachezaji makini ina maziara yaliyotunzwa kuliko ya miji mingi halisi.

Msomaji wa Kenya huenda akakumbuka hapa mafundisho ya marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki 2019. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy, kilichochapishwa 1969, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi jamii nyingi za Kiafrika zinavyoutazama wakati. Mtu akifa, alisema, hatoki mara moja katika Sasa. Hubaki humo kama mfu aliye hai maadamu kuna mtu anayemkumbuka kwa jina. Anapofariki wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Wahandisi wa Maxis huenda hawakuwa na habari za Mbiti wala Kitui. Walikuwa wakitatua tatizo la programu: namna ya kumfanya mjane akumbuke. Lakini walipolitatua, walijikuta na mtaa ambamo wafu hawawezi kuondolewa bila ya walio hai kudhurika.

Skip ana njia ya pili ya kubaki, nayo ni ya damu. The Sims 2 ndiyo iliyoleta urithi wa maumbile katika mfululizo huo. Nywele nyeusi na za kahawia hutawala, nyekundu na za manjano hujificha na kuibuka baadaye. Macho ya kahawia huyashinda ya kijani na ya kijivu. Rangi ya ngozi ya mtoto huangukia kati ya zile za wazazi, na pua, midomo na taya huchukuliwa kwa huyu au kwa yule. Hata tabia hurithiwa: unadhifu, uchangamfu, bidii, utani na upole, kila moja ikiwa na alama zisizozidi kumi.

Kwa hivyo mtoto aliye tumboni mwa Brandi tayari amebeba nusu ya Skip. Hiyo nusu ilihifadhiwa katika faili la marehemu, na tarakilishi huisoma siku ya uzazi. Mchezaji ambaye hajawahi kumwona baba akitabasamu anaweza, siku kadhaa za mchezo baadaye, kuona pua isiyo ya Brandi ikikimbia sebuleni. Wengine hungojea mtoto akue kabisa ndipo wamjue Skip alikuwa na sura gani akiwa anasogea.

Wapo pia wasiokubali. Mnamo 2005 kilitoka kifurushi cha kwanza kati ya vinane vya nyongeza, kilichohusu maisha ya chuo kikuu, na ndani yake mlikuwa na simu ya kumpigia Malaika wa Mauti ili kumrudisha marehemu kwa malipo. Bei ni ya majadiliano, na ole wake anayetoa kidogo: mpendwa wake hurudi akiwa maiti itembeayo, ngozi imembadilika na tabia zake zimevurugika. Simu hiyo haipatikani dukani. Hutolewa kama tuzo kwa anayepanda ngazi katika taaluma ya mambo ya mizimu, na taaluma yenyewe haimfungukii asiye na shahada. Mjane wa kibandani, mwenye mtoto wa poti na mwingine njiani, hana karo.

Mnamo Julai 2014 Electronic Arts iliigawa The Sims 2 bure pamoja na nyongeza zake, kisha ikatoweka sokoni kwa zaidi ya miaka kumi. Januari 31, 2025, katika kuadhimisha miaka 25 ya mfululizo huo, kampuni ilizirudisha The Sims na The Sims 2 ili zichezwe kwenye tarakilishi za kisasa. Wachezaji walioachia nyumba ya akina Broke wakiwa shuleni wameirudia wakiwa na watoto wao wenyewe. Wamekuta Beau bado analia, Dustin bado hajatoka kitandani, na Brandi bado anasubiri kujifungua.

Mtoto anapozaliwa, mchezo husimama na kumwomba mchezaji aandike jina. Kisanduku huwa kitupu. Wapo wanaoandika Skip.